Jibu: mR/h (milirontgeni kwa saa) ni µSv/h (mikrosiverti kwa saa) ngapi?
Mkuu uliyeuliza kutoka Tabora, hiyo mita yako ya zamani ya kupima mionzi inayosoma 2 mR/h mlangoni pa chumba cha eksirei: zidisha kwa 10, unapata takribani 20 µSv/h. Siverti 1 ni rem 100 (rem ni kipimo cha zamani cha dozi ya mionzi mwilini), na kwa eksirei na gama, rontgeni 1 (kipimo cha zamani cha mionzi hewani) huchukuliwa kama rem 1. Ukitaka dozi ya hewani kwa usahihi, tumia 8.76 badala ya 10, hapo 2 mR ni mikrogrei 17.5 (grei ni kipimo cha nishati ya mionzi inayofyonzwa). Kwa nyutroni usithubutu, rontgeni haizihusu kabisa.

Kinachoangusha wengi wala si hesabu, ni kile kitufe cha kuzungusha kwenye mita, kinachoonyesha usomaji uzidishwe mara ngapi. Mshale ukiwa kwenye 2 na kitufe kiko ×10, hiyo ni 20 mR/h, yaani 200 µSv/h. Na soma herufi vizuri: µR (mikrorontgeni) na mR zimepishana mara 1,000.