Maswali ya ngozi: piko, simenti na hereni za Owino

Barua za juma hili karibu zote ni za mwasho. Nimechagua nne.

*Nilichorwa piko kwa arusi ya dada yangu. Siku ya 10 ua lote likavimba, malengelenge yakafuata mchoro mstari kwa mstari. Shangazi anasema ni kijicho. (Dada wa bi arusi, Bombo)*

Mwambie shangazi, kwa adabu, kwamba kijicho hakijui kufuata mchoro. Hina ya majani hutoa rangi ya kahawia iliyoiva. Piko, ile nyeusi tititi inayoshika haraka, huwa na dawa ya kupaka nywele, yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Molekuli zake ni ndogo mno. Hupenya ngozi, zikajibandika kwenye protini zako mwenyewe, na protini hizo zikaanza kuonekana ngeni.

Ndani ya ngozi kuna seli zenye matawi, za Langerhans. Paul Langerhans alizieleza mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin, akadhani ni za neva. Kumbe ni walinzi. Hizo, pamoja na ndugu zao walio chini kidogo, huokota protini iliyobadilika, huihama ngozi na kushuka na mishipa ya limfu hadi kwenye tezi. Kwa mkono, ni tezi za kwapani. Huko seli T, chembe nyeupe za damu za ulinzi, hupita zikiikagua, nyingi zikiendelea na safari zao, mpaka itokee inayoitambua. Hiyo basi huzaana kwa wingi, na watoto wake hupanda damu kurudi ngozini. Kazi nzima huchukua kama siku 10 hadi 14. Hesabu siku zako uone.

Sasa dawa nyeusi ya nywele usiiguse tena. Safari ijayo jeshi liko tayari: ni siku 1 au 2 tu, na uso unaweza kuvimba hadi macho yafumbe.

*Musawo, nimeshika simenti miaka 11 bila shida. Mbona mikono inapasuka leo? (Fundi mwashi, Busia)*

Miaka 11 haikukupa kinga, fundi. Simenti mbichi hula ngozi kidogo kidogo, na ngozi iliyoumia hupiga kelele za kikemikali. Kelele hizo ndizo huziamsha seli za ulinzi zibebe kilichopo kwenda kwenye tezi, na kilichopo hapo ni kromiumu, metali iliyomo kwenye simenti. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu 2005 zinataka kromiumu VI, aina inayoleta aleji, isizidi sehemu 2 kwa milioni kwenye simenti. Wewe vaa glovu za mpira. Za ngozi ziache, kwa sababu ngozi nyingi husindikwa kwa kromiumu. Uji wa simenti ukiingia ndani ya glovu, ivue papo hapo, kwa kuwa hapo ni afadhali mkono mtupu.

*Hereni nilizonunua soko la Owino zinaniwasha. Vidonge vya aleji havisaidii, vinanilaza darasani tu. (Mwanafunzi, Arua)*

Vidonge hivyo huzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho, na hapa histamini si mkosaji mkuu. Wakosaji ni seli zenyewe: mwaka 1942 wanasayansi Landsteiner na Chase walihamisha aleji ya namna hii kutoka simbilisi mmoja hadi mwingine kwa kutumia seli. Majimaji ya damu peke yake hayakuihamisha. Mshukiwa wako ni nikeli. Vua hereni, angalia pia kifungo cha jinzi chini ya kitovu. Kliniki watakupa krimu ya steroidi ya siku chache. Zile krimu za kung'arisha uso zisizo na maelezo, tafadhali, hapana.

*Ukurutu hurudi palepale chini ya saa yangu, tena upesi kuliko mwanzo. Nitapona? (Boda, Jinja)*

Baadhi ya seli T zenye kumbukumbu hubaki zikiishi palepale zilipopigana, ndiyo maana. Kumbukumbu hiyo hatuna dawa ya kuifuta. Ukikiepuka kitu chenyewe, ngozi hutulia. Kwanza kijulikane ni kitu gani: chuma, gundi au mkanda wa ngozi. Daktari wa ngozi hubandika vipande vyenye kemikali mbalimbali mgongoni, huvitoa baada ya saa 48, kisha hukuangalia tena siku moja au mbili baadaye. Siku hizo usiloweshe mgongo, na ukiweza, usiendeshe jua kali. Jasho hung'oa plasta, na itabidi muanze upya.