Maswali yenu: Rosa Parks na wenzake ambao hatuwataji

Ni kweli Rosa Parks aligoma kusimama kwa sababu miguu ilimuuma? (Mwanafunzi, Tanga)

Hapana, na mwenyewe aliikana hadithi hiyo: kilichomchosha, alisema, ni kunyenyekea. Siku ile alipokataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, 1 Desemba 1955 mjini Montgomery, Alabama, Marekani, alikuwa fundi cherehani wa miaka 42, lakini pia mtu wa siku nyingi katika chama cha kutetea haki za weusi, NAACP. Na dereva yule hakuwa mgeni kwake. Mwaka 1943 alimshusha Parks kwa kuwa alikataa utaratibu wa mtu mweusi kulipa nauli mlango wa mbele, kushuka, kisha kuzunguka apandie wa nyuma. Wengine walikuwa bado wanazunguka, basi hilo limeondoka na nauli yao.

Nasikia kuna msichana aliyemtangulia. Mbona hatajwi?

Claudette Colvin. Alikamatwa 2 Machi 1955 akiwa na miaka 15, miezi tisa kabla ya Parks. Viongozi walimwona mdogo mno na mwenye hasira, baadaye akapata mimba, basi wakamweka kando. Mimi hili huniudhi, maana kesi iliyovunja ubaguzi kwenye mabasi ya Montgomery, Browder dhidi ya Gayle, ilikuwa ya wanawake wanne, Colvin akiwamo. Parks hakuwamo.

Watu waliendaje kazini mwaka mzima bila basi? (Dereva wa daladala, Mbagala)

Swali la mwenye kazi yake! Mgomo wa weusi wa kutopanda mabasi ya Montgomery, uliofuata kukamatwa kwa Parks, ulidumu siku 381. Usiku ule ule Parks alipokamatwa, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alijifungia na mashine ya kurudufu ya chuoni na watu wachache, wakatoa vipeperushi maelfu kwa maelfu. Kulipokucha vilikuwa njiani kwenda mashuleni na madukani. Teksi za weusi zikachukua abiria kwa senti 10, sawa na nauli ya basi, mpaka wakuu wa mji walipozibana kwa sheria ya nauli ya chini. Hapo yakaingia magari ya watu binafsi, mamia, yenye vituo na ratiba, na baadaye magari yaliyonunuliwa kwa jina la makanisa. Bima zilipofutwa, ilipatikana nyingine London.

Na fedha za mafuta ya magari hayo je? Hapo namtaja Georgia Gilmore, mpishi aliyefukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi mahakamani. Alirudi jikoni kwake na kuwa, kwa lugha yetu, mama lishe. Yeye na wenzake waliuza kuku wa kukaanga, pai na keki, hata kwa wazungu, na fedha zikaenda kwenye mgomo. Kikundi chao walikiita "Klabu Isiyotoka Kokote": ukiulizwa hela zimetoka wapi, unajibu hazikutoka kokote. Hivyo mwenzao aliyepika jikoni kwa bwana mzungu asingepoteza kibarua.

SNCC na NAACP si kitu kimoja?

La. NAACP ni ya 1909, silaha yake kubwa ilikuwa mahakama. SNCC ilizaliwa Aprili 1960 mjini Raleigh, North Carolina, kamati ya wanafunzi waliokuwa wakikaa kwenye mikahawa ya wazungu tu na kukataa kuondoka. Aliyewaita ni Ella Baker, mwanaharakati wa siku nyingi, aliyewasihi wasikubali kumezwa na wazee.

Kuna uhusiano wowote na sisi huku? (Msomaji, Kisumu)

Upo. Thurgood Marshall, wakili wa NAACP aliyeshinda kesi ya ubaguzi shuleni mwaka 1954, alikwenda London mwaka 1960 kuwasaidia wajumbe wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba na kuandika rasimu ya haki za raia. Na Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru wa Kenya, waziri wake Oginga Odinga alifika Atlanta. Vijana wa SNCC walimtembelea hotelini, wakaimba pamoja. Walipotoka wakaingia mkahawa wa jirani kunywa kahawa. Wakanyimwa, wakakaa chini, wakakamatwa.