Majina matatu kwenye fomu ya Italia

SWALI: Mdogo wangu amepata chuo Perugia. Cheti chake kina majina matatu, fomu za Italia zinataka jina na jina la ukoo tu. Ajazeje, na akifika aanzie wapi? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Dada, afuate pasipoti herufi kwa herufi, hata kama Mafinga nzima inamwita vingine. Namba ya kodi ya kule, codice fiscale, ina herufi na tarakimu 16: tatu za mwanzo hutoka kwenye jina la ukoo, tatu kwenye jina lake. Akiyageuza, namba inabadilika, na benki inamwona mtu mwingine. Kama ni msichana asishtuke: siku ya kuzaliwa ndani ya namba hiyo huongezwa 40, hivyo tarehe 12 husomeka 52.

Akitua ana siku 8 za kazi kuomba kibali cha kuishi. Achukue bahasha ya fomu posta yenye dirisha la Sportello Amico, airudishe bila kuifunga, pamoja na nakala za pasipoti na viza. Stempu ya ushuru (si ya barua) ya yuro 16 ainunue mapema kwenye duka la sigara (ndiyo, la sigara). Risiti ya posta aitunze kama pasipoti. Ndiyo atakayoonyesha mpaka kadi ya kibali itoke.