Mbwa Anayeshinda Peke Yake Nyumbani

Mbwa anayebweka tangu unafunga geti mpaka unarudi si mtundu. Mara nyingi anaogopa. Hapa Malindi wengi wetu twafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, basi hatutarajii mnyama mwenye meno kama yale aogope kuachwa.

Angalia alichoharibu. Aliyechoka kukaa bure hutafuna chochote anachokiona: kandambili, fagio, makuti yaliyoanguka. Mwenye hofu huandama mlango uliotokea wewe. Mbwa wangu, Simba, alikwangua fremu ya mlango wa mbele mpaka mbao ikachambuka, na chini pake palikuwa na dimbwi la udenda. Mlango wa jikoni hakuugusa.

Kama una jirani, muulize. Bibi wa nyumba ya pili, mtu wa swala tano ambaye mbwa hamgusi kabisa, ndiye aliyenipa habari kamili: "Mwanangu, ukishapanda tuktuk tu, huyo aanza kulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nasi twataka kulala adhuhuri." Kumbe hofu ilianza palepale nilipotoka. Kama huna jirani wa namna hiyo, acha simu ikirekodi.

Kazi kubwa iko kwenye dalili za kuondoka. Mbwa anazijua: viatu, mkoba, mlio wa funguo. Chukua funguo, kisha kaa unywe chai. Vaa viatu, uende ukamenye vitunguu. Rudia mpaka asiinue hata kichwa. Hapo ndipo utoke nje kwa sekunde chache na urudi kabla hajalia. Ongeza muda kidogo kidogo, lakini usiongeze kila mara. Leo dakika tano, halafu moja, halafu saba. Akilia, umemzidishia, rudi nyuma. Huchukua wiki nyingi, na katika kipindi hicho usimwache peke yake kutwa nzima, maana siku moja ya kilio huvuruga uliyojenga. Mpeleke kwa ndugu, au elewana na askari wa nyumba jirani.

Asubuhi mtembeze pwani mapema, kabla mchanga haujawa moto wa kumchoma nyayo, hasa miezi ya kaskazi. Mwache anuse atakavyo, kunusa nako kunamchosha. Unapotoka mwachie mpira mgumu wenye tundu, uliojazwa ugali na dagaa. Wapo wanaotumia kifuu cha nazi. Mimi sikipendi, kikipasuka kipande chaweza kumkwama kooni. Mifupa iliyopikwa pia usimpe. Maji yawe mengi, kivulini, kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua.

Kumfunga mnyororo huzidisha hofu. Kumchapa ukirudi ni kupoteza fimbo: hahusishi kipigo na mlango alioukwangua saa tatu zilizopita, anajifunza tu kwamba kurudi kwako kuna maumivu. Na mbwa wa pili? Mara nyingi hasaidii, kwa sababu anayekosekana ni wewe. Unaweza ukaishia na wawili wanaolia.

Akijiumiza, au asipokula akiwa peke yake, mwone daktari wa mifugo. Zipo dawa za kupunguza hofu zinazokwenda pamoja na mazoezi. Dawa za usingizi za binadamu usimpe.

Simba siku hizi hulala nikitoka. Hata hivyo simwachi kutwa nzima: kijana wa bodaboda aliyemzoea hupita adhuhuri, humtoa kidogo, humjazia maji, nami namlipa.