Lakabu za Watawala: Mirambo, Nyungu ya Mawe na Ivan wa Urusi

Swali: Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam. Ninaandika kwa Kiswahili maelezo mafupi ya watawala wa zamani, wa kwetu na wa nje, na nimekwama kwenye majina waliyobandikwa na watu. Mwenzangu ananishauri niandike kwamba Mirambo ni "jina la utani" la Mtyela, nami naona halikai sawa. Pia, tuandike Alexander Mkuu au Alexander Mkubwa? Yule Ivan wa Urusi ni Ivan Katili, Ivan Mbaya au Ivan nani? Na je, niseme Nyungu ya Mawe "alipigana" au "ilipigana"?

Jibu: Umeona sawasawa, na sababu imo ndani ya neno lenyewe. Utani kwetu ni uhusiano, tena uhusiano wenye mipaka inayojulikana: babu humtania mjukuu, shemeji humtania shemeji, Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana hata msibani, na kila mmoja anajua kwamba linalosemwa halina uadui ndani yake. Kwa hiyo jina la utani hudai mtani, yaani mtu mwenye ruhusa ya kumwita mwenzake hivyo bila kumkosea. Mtyela Kasanda, mtemi wa Kinyamwezi aliyejenga dola kubwa magharibi mwa Tanzania ya leo na kufariki mwaka 1884, hakuwa na mtani aliyembandika jina la Mirambo kwa kicheko. Jina hilo hufasiriwa kuwa "maiti", na lilikuwa jina la vita, onyo lililomtangulia mwenyewe kufika. Mchezaji wa mpira anayeitwa jina la kuchekesha na mashabiki wake ana jina la utani, na hapo neno hilo linafaa kabisa; kulihamishia kwa mtawala aliyeogopwa na misafara yote ya njia ya Tabora na Ujiji ni kuwaambia wanafunzi wako habari isiyo ya kweli.

Neno tulilo nalo kwa kazi hii ni lakabu. Limetoka katika Kiarabu, limekaa pwani kwa karne nyingi, na maana yake ni jina analopewa mtu juu ya jina lake kutokana na sifa, tendo, umbile au tukio. Lakabu haisemi kama aliyeitoa alimpenda mtawala, alimchukia au alimwogopa, na ndiyo maana inafaa kwa wote. Andika, basi: "Mtyela Kasanda, aliyejulikana kwa lakabu ya Mirambo". Naomba pia uepuke "aliyejulikana kama Mirambo", maana "kama" kwetu hulinganisha kitu na kitu kingine, na Mirambo hakufanana na Mirambo, alikuwa ndiye.

Kabla ya kuendelea, tenga lakabu na cheo. Mtemi, Mangi, Sultani na Mwinyi Mkuu ni vyeo: aliyekikalia kiti aliitwa hivyo, na akifa cheo humpata mwingine. Kwa Wasambaa, wafalme wa ukoo wa Kilindi waliokaa Vugha, makao yao makuu, waliamkiwa "Simba Mwene", na heshima hiyo ilikuwa ya kiti chenyewe, haikuwa ya mfalme mmoja. Lakini Ahmed bin Fumo Luti, Sultani wa Witu katika pwani ya Kenya ya leo, alipoitwa Simba, hiyo ilikuwa lakabu yake mwenyewe. Mnyama ni yule yule, ila katika sentensi kazi ya neno ni tofauti, na mwanafunzi anapaswa kuiona tofauti hiyo.

Sasa niingie katika suala la tafsiri, ambalo naliona ndilo kiini cha maswali yako yote. Waandishi wengi huchukua lakabu ya mtawala wa ng'ambo jinsi walivyoikuta katika kitabu cha Kiingereza, wakaigeuza neno kwa neno. Mimi nashikilia kwamba tuulize kwanza watu wa mtawala huyo walikusudia nini, kisha tutafute jinsi Kiswahili na lugha jirani zake zinavyowaita watawala wetu wenyewe. Tunayo hazina ya kutosha, ila tunasahau kuifungua.

Chukua Ivan wa Nne, aliyetawazwa kuwa tsar mwaka 1547 na kufariki mwaka 1584. Kwa Kirusi lakabu yake ni Grozny, neno lenye ukoo na ngurumo na tufani. Linamtaja mtawala wa kutia hofu ambaye adui zake hutetemeka, na ndani yake mna heshima. Kwamba Ivan alifanya ukatili mkubwa ni kweli, na wewe kama mwalimu wa Historia una wajibu wa kuueleza. Lakini "Ivan Katili" ni hukumu yako au yangu, na "Ivan Mbaya" ni hukumu ya kitoto zaidi. Waliompa jina hawakusema hivyo. Ningependekeza "Ivan wa Kuogopwa", kwa sababu kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa kinaihamisha hofu kwa wanaoogopa, kama ilivyo katika Kirusi, na msomaji anabaki huru kuamua kama hofu hiyo ilistahili. Ukiitafakari, Ivan na Mirambo waliitwa kwa nia moja.

Mfano wa pili unatuhusu kwa karibu zaidi. Sultani Suleiman wa dola ya Uthmani, aliyetawala kuanzia mwaka 1520 hadi 1566, Ulaya walimwita Mtukufu, kwa sababu walichokiona wao ni fahari ya kasri lake na wingi wa majeshi yake. Watu wake walimwita Kanuni, kwa sababu alizipanga na kuziratibu sheria za dola. Hapa Mswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana: neno kanuni ni letu pia, lilitufikia kupitia Kiarabu, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza analijua. Sioni kwa nini tupite London kwenda Istanbul. Andika "Suleiman wa Kanuni", ukitaka ongeza kwamba Ulaya alijulikana kwa lakabu ya Mtukufu.

Mahali pengine kugeuza neno kwa neno kunaleta uongo mtupu. Mfalme Ethelred wa Uingereza, aliyeanza kutawala mwaka 978 na kufariki mwaka 1016, huandikwa mara nyingine kuwa ni mfalme "asiyejiandaa". Kumbe katika Kiingereza cha kale jina lenyewe la Ethelred lilikuwa na maana ya shauri bora, na lakabu yake, unræd, ilimaanisha kukosa shauri au kuwa na shauri baya. Watu walikuwa wakimsimanga kwa jina lake mwenyewe: Shauri Bora asiye na shauri. Waingereza wa baadaye waliisahau maana ya neno hilo, wakalisikia kama neno jingine. Sisi hatuna haja ya kuurithi usahaulifu wao. "Ethelred Mkosa Shauri" inatosha, na inabaki na ukali wake.

Ama kuhusu -kuu na -kubwa, jibu ni fupi: andika Mkuu. Sifa ya -kubwa hutaja kimo, ukubwa wa mwili au umri, kama tunavyosema kaka mkubwa. Sifa ya -kuu hutaja daraja. Mtaa wa Mirambo, katikati ya jiji letu, una Benki Kuu ya Tanzania, na hakuna aliyewahi kuiita Benki Kubwa, hata kama jengo lake ni kubwa. Kwa hiyo tunao Alexander Mkuu, aliyefariki mwaka 323 KK, Herode Mkuu, ambaye wasomaji wa Biblia wamemzoea, na Catherine wa Urusi, Mkuu, ambaye hahitaji umbo la kike, kwa sababu Kiswahili hakibagui jinsia katika sifa. Angalia tu usiongeze "wa" mara baada ya Mkuu, kwani Mkuu wa Mkoa ni mwenye ofisi. Ukitaka kutaja nchi, iweke kabla: "Peter wa Urusi, Mkuu", au iache kabisa kama muktadha unaieleza.

Kiunganishi hicho cha "wa" kinastahili uangalifu zaidi ya hapo. Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, aliyekaa katika kiti cha enzi kuanzia mwaka 1643 hadi 1715, alicheza nafasi ya Jua katika tamasha la dansi la kasri mwaka 1653, akiwa na miaka 14, na jua likawa nembo yake. Mara nyingi nakuta ameandikwa "Mfalme wa Jua". Hiyo ina maana kwamba jua ni milki yake, kama vile Mfalme wa Ufaransa alivyoimiliki Ufaransa. Kilichokusudiwa ni kwamba mfalme mwenyewe ni jua. Kiswahili hutanguliza nomino na kuifuatisha nyingine bila kiunganishi pale inapotaka kusema kwamba viwili hivyo ni kimoja, kama katika fundi seremala au daktari bingwa. Kwa hiyo ni Mfalme Jua. Tofauti na huyo, Richard wa Kwanza wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1189 hadi 1199, ni Richard Moyo wa Simba, kwa kuwa moyo ni wa simba kwelikweli katika sitiari hiyo. Usifupishe ukamwita Richard Simba, kwa sababu wapo wanaoitwa Simba bila moyo, kama William wa Kwanza wa Uskoti, aliyetawala kuanzia 1165 hadi 1214.

William mwingine, yule wa Normandy aliyeivamia Uingereza mwaka 1066, kwa kawaida huandikwa William Mshindi. Sitakukosoa ukiandika hivyo, kwani limeshazoeleka. Lakini mshindi kwa msomaji wa leo ni aliyeshinda kombe au bahati nasibu, na ardhi haipo ndani ya neno hilo. Jina la Mkwavinyika, ambalo limefupishwa tukapata Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, hufasiriwa kuwa mteka nchi nyingi. Kumbe Iringa kulikuwa na lakabu ya aina hiyo hiyo, iliyotoka kwa watu waliojua kuteka nchi ni nini. "William Mteka Nchi" ingemweleza yule Mnormani vizuri zaidi, na ingemwezesha mwanafunzi kuwaweka watawala wawili katika somo moja.

Lakabu za maumbile zina ugumu wa namna nyingine. Charles Kipara wa Wafranki na Pepin Mfupi, aliyefariki mwaka 768, hawasumbui. Timur, mtekaji wa Asia ya Kati aliyefariki mwaka 1405, aliitwa kwa Kiajemi Timur-i Lang, yaani Timur Kiwete, na kaburi lake lilipofunguliwa mwaka 1941 mifupa yake ilithibitisha kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa na kilema. Leo hatumwiti mtu kiwete, na ni vizuri kwamba tumeacha. Ushauri wangu ni kuihifadhi lakabu kama ilivyotolewa, kwa sababu ni ushahidi wa kihistoria, lakini katika sentensi zako mwenyewe uandike kwamba Timur alikuwa na ulemavu wa mguu.

Kipara na Kiwete vinatupeleka kwenye swali lako la mwisho. Lakabu ikishamkaa mtu, ni mtu, na upatanisho wa kisarufi unafuata ngeli ya mtu. Ni "Kipara alitawala", si "kilitawala". Ni "Harald Jino la Buluu alitawala Denmark katika karne ya 10", na jino halina sauti katika kitenzi hicho. Nyungu ya Mawe, mtawala shujaa wa Ukimbu aliyefariki mwaka 1884, ana lakabu yenye maana ya chungu cha mawe, chungu kisichovunjika. Utaandika "Nyungu ya Mawe alipigana", "alikufa", "alimrithisha binti yake". Kiunganishi "ya" kilichomo ndani ya jina hukiachi wala hukibadilishi kuwa "wa", kwa kuwa hapo nyungu inaendelea kuwa nyungu. Ndani ya lakabu sarufi ni ya kitu, nje yake sarufi ni ya mtu.

Kilwa ilikuwa na mfano kama huo mapema zaidi. Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya mji huo, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 inamtaja Ali, mwanzilishi wa ukoo wa Kishirazi, kwa lakabu ya Nguo Nyingi, na masimulizi yanaeleza kwamba alikinunua kisiwa kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka. "Nguo Nyingi alikinunua kisiwa" ni sentensi sahihi, ingawa sikio lisilozoea linashtuka kwanza. Baadaye, Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman akiitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa alivyowapa watu. Nimeona ikitafsiriwa "Baba wa Vipawa". Zamani ingefaa, lakini kipawa leo ni kipaji cha kuimba au kuchora, na msomaji atadhani Sultani alikuwa msanii. "Baba wa Hidaya" inarudisha maana mahali pake.

Kuhusu uandishi wenyewe: herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno la lakabu isipokuwa kiunganishi, alama za mtajo hazihitajiki, kwa kuwa zinaifanya lakabu ionekane ya mashaka, namba itangulie lakabu, kama katika "Ivan wa Nne, wa Kuogopwa". Na pale jina la kuzaliwa linapojulikana, kama kwa Mtyela, litaje angalau mara moja mwanzoni, kisha uendelee na lile ambalo watu walilichagua.