Jibu: Mafuta ya kokwa za embe kuganda

Habari mkuu. Umeuliza kama mafuta uliyokamua kwenye kokwa za embe yameharibika, maana asubuhi umeyakuta yameganda. Kuganda si tatizo. Yana asidi ya steariki nyingi (aina ya mafuta inayoganda), inakaribiana na ya oleiki (aina inayobaki majimaji), kwa hiyo tabia yake ni ya siagi ya kakao, siyo ya alizeti.

Anza na pua. Yakinuka kama mafuta yaliyolala, angalia ulivyokausha viini, yaani sehemu ya ndani ya kokwa. Mimi niliwahi kuviacha vibichi kwenye gunia siku tatu, vikaota ukungu. Mafuta yote yakaishia kwenye sabuni. Siku hizi napasua kokwa mapema, nakatakata viini na kuvianika. Mafuta yake ni machache lakini, kilo ya viini vikavu ina kama gramu 100 tu. Hiyo rangi ya kahawia uliyosema mafuta yako yanayo, bila picha siwezi kuisemea.