SWALI: Fuvu ni lile lile, mbona baba na mtoto wanaona tofauti?

Swali: Asalaam aleykum shekhe. Mimi niko Mbagala, mwanangu yuko form three, juzi shule iliwapeleka Makumbusho ya Taifa pale Posta wakafundishwa habari za fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale anayefanana na binadamu. Karudi anasema rafiki yake kamwambia lile fuvu ni ushahidi kwamba dini ni hadithi tu. Baba yake kapandisha hasira, anasema fuvu limetengenezwa na wazungu, sasaivi hawasemeshani. Shekhe, ushahidi si ni ushahidi? Mbona kila mtu anauona kivyake?

Jibu: Waaleykum salaam warahmatullah dada yangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili, imenigusa sana maana vijana wengi wanatuponyoka hivihivi, kwa vile tunavyowajibu.

Fuvu lipo kweli. Aliliona mtafiti Mary Leakey kule bonde la Oldupai mwaka 1959, na umri wake umekadiriwa kwa kupima majivu ya volkano ya hapo, kama miaka milioni 1.75. Kwa hiyo baba watoto hapo kateleza, nasema kwa heshima kabisa, Allah katukataza kwenye Suratul Israa aya ya 36 tusifuate tusiyo na ujuzi nayo, na kuitetea dini nako kunaingia humo humo.

Ila na huyo rafiki nae karuka. Mfupa unakwambia paliishi kiumbe, meno yake ya kusagia makubwa, basi. Hilo la hakuna Mungu alikuja nalo kichwani, kwenye mfupa halimo. Hata hao kina Leakey mwanzo walisema huyu ndo aliyechonga zile zana za mawe zilizokutwa pale, alafu wakapata mabaki mengine hapohapo Oldupai, mwaka 1964 yakatangazwa kuwa ni ya kiumbe mwingine, jina lake Homo habilis, zana wakamhamishia huyo. Mfupa ni uleule. Na wataalamu wa leo Zinjanthropus wanamuweka tawi la pembeni, hawasemi ni babu yetu.

Sasa dada yangu fungua Suratu Yusuf uangalie habari ya kanzu. Nabii Yaakub analetewa na wanae kanzu ya mdogo wao Yusuf ina damu, wanasema kaliwa na mbwa mwitu, damu anaiona kwa macho, lakini ndoto ya Yusuf anaijua na hao wanae anawajua, akawaambia nafsi zenu zimewashawishi jambo. Kwa hiyo kuja na kitu kichwani sio kosa, kila mtu anakuja nacho, hata sahaba Abubakar alivyoletewa habari za Israa, ile safari ya usiku ya Mtume, alisema kama kasema yeye basi ni kweli, kwa sababu anamjua Mtume (s.a.w.) ni mtu wa namna gani.

Alafu nenda mpaka Misri, kanzu ya pili. Mke wa mheshimiwa aliyemnunua Yusuf anamsingizia Yusuf kwamba kamtaka kwa ubaya, akatokea shahidi, tena ndugu wa huyo huyo mwanamke, akasema kanzu ikiwa imechanwa mbele mwanamke mkweli, ikiwa imechanwa nyuma basi kaongopa. Soma taratibu aya ya 26 mpaka 28, kipimo kimetajwa KABLA kanzu haijaangaliwa, na hakikumpendelea ndugu yake. Mimi hapo huwa nasimama kabisa. Ikaonekana imechanwa nyuma. Na bado aya ya 35 inasema baada ya kuziona dalili wakaamua wamfunge! Ushahidi wameuona, hawakuutaka.

Wewe wakalishe wote wawili baada ya Isha, mambo ya fuvu yasubiri kwanza. Baba aulizwe, ni kitu gani akikiona atakubali fuvu ni la kweli? Kijana nae aulizwe, ni kitu gani kwenye mfupa kingeonyesha Mungu yupo, na kipi kingeonyesha hayupo? Akishindwa kukitaja, basi ule mfupa kwenye kesi hii hauna ushahidi wa kutoa, aache kuuita mahakamani. Kuumbwa kwa Adam tunakuamini kama Qur'an ilivyosema, na fuvu la Oldupai halijamtaja.

Kisha Jumapili waende wenyewe Posta, baba na mwanae, wakaangalie pamoja. Na kijana akitaka kuja kwangu aje baada ya Alasiri na maswali yake yote, hata yale anayoyaogopa kuyasema mbele ya baba yake.

Wallahu aalam.